Nyekundu Mbili za Sufuria Moja

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Mwenye swali alishike mpaka mwisho, maana mwisho wa hadithi hii si wangu, ni wenu.

Katika kijiji cha Ukinduni aliishi mama mmoja aliyeitwa Bi Mize. Alikuwa na mabinti watatu, wote wameolewa na wana nyumba zao, na kila mmoja alikuwa na kipaji ambacho kijiji kizima kilikijua.

Siwatu, binti mkubwa, alikuwa na macho. Wanawake walipochemsha rangi za mikeka walimwita aje achungulie sufuria. Akisema, "Bado, iacheni kidogo," waliiacha. Alijua nyekundu ya jana na nyekundu ya leo, hata kama wewe na mimi tungeapa kwamba ni moja.

Saumu, binti mdogo, alikuwa na hesabu. Alipima kwa shibiri, kwa mkono, kwa kamba yenye mafundo. Ungeweza kumsimulia harusi nzima huku anahesabu, nani alivaa nini na nani alimnunia nani. Ukimaliza wewe, naye amemaliza, na hakosei hata moja.

Kidawa, binti wa katikati, alikuwa na mikono. Ukimwekea nyama kiganjani hukwambia kama imetimia kilo au imepungua. Karamu ikiwadia watu walisema, "Mwiteni Kidawa agawe, pasije pakatoka ugomvi." Naye aligawa, na ugomvi haukutoka.

Lakini Kidawa alikuwa na kitu kingine kifuani, na hicho hakuna aliyemwita aje nacho. Alikuwa na wivu.

Ulianza zamani. Alipokuwa na miaka minne alipelekwa kulelewa na shangazi yake ambaye hakujaliwa mtoto. Shangazi alimpenda, alimvisha, alimfundisha kusuka. Alipotimiza miaka tisa akarudishwa kwao, akaingia uani mbio akiita, "Mama!" Akamkuta mama amekaa, na mapajani kwake pana mtoto ambaye Kidawa hakuwahi kumwona. Alikuwa Saumu.

Tangu siku ile Kidawa alikuwa akitazama. Saumu akipewa andazi, Kidawa alitazama andazi la Saumu kabla ya kuuma la kwake. Saumu akishonewa gauni, Kidawa alitazama pindo. Na siku zote, watoto wangu, siku zote kilichokuwa kwa Saumu kilionekana kikubwa kidogo.

Sasa huko Ukinduni wana desturi. Mama akiona vidole vyake vimekuwa vigumu, husuka kazi yake ya mwisho na kuwagawia mabinti zake. Husuka kili. Ukili ni ule utepe mrefu wa majani ya mkindu, na ukiuzungusha na kuushona upande kwa upande ndio unapata mkeka. Kila binti hupewa ukili wake akashone mkeka wake. Siku hiyohiyo ya kugawa, mama hufunga nguo zake, hufunga mlango wake, na kumfuata binti mmoja nyumbani kwake akaishi naye mpaka mwisho wa umri wake. Binti yupi, hulisema mwenyewe mama, na halisemi kabla ya siku.

Kidawa alikuwa ameshapaka chokaa chumba cha uani. Alikuwa ameweka kitanda kifupi ili mama asipate taabu ya kupanda, na mtungi wa maji karibu na mlango. Hakumwambia mtu. Aliitaka siku hiyo kama mgonjwa anavyotaka kupona: miaka mitano mama hakumlea, basi sasa aje, hata iwe miaka mitano tu, waishi wawili.

Bi Mize alisuka kwa miezi saba. Kila binti alichagua nakshi yake. Siwatu alitaka nyekundu na zambarau. Kidawa alitaka nyekundu yenye kingo nyeupe, kwa kuwa alipenda vitu safi. Saumu alitaka nyekundu iliyokatwakatwa kwa mistari myeusi, mstari baada ya mstari, tangu mwanzo hadi mwisho. Nyekundu yote aliitia rangi Siwatu, sufuria moja, siku moja.

Siku ya kugawa ikafika. Asubuhi Bi Mize akazitandaza kili uani, wa Siwatu kando ya ukuta, wa Kidawa upande wa jikoni, wa Saumu upande wa geti. Watoto wake wakaja. Kidawa akatazama ukili wake. Kisha, kama kawaida yake, akatazama wa Saumu.

"Mama," akasema, "mbona nyekundu ya Saumu inawaka?"

"Inawaka vipi?"

"Inawaka kama pilipili. Yangu imefubaa kama damu iliyokauka. Hizi si rangi moja. Saumu ametiliwa rangi mpya, mimi nimetiliwa makapi."

Siwatu akasimama, mikono kiunoni. "Makapi? Rangi nimeitia mimi, Kidawa. Sufuria moja! Unaniambia mimi sijui rangi?"

"Sijakusema wewe, dada. Nasema ninachokiona."

Bi Mize akakaa kwenye kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi. "Nilitaka leo niseme nakwenda kwa nani," akasema. "Sasa sisemi. Sihamii popote na neno hili limelala katikati yenu. Atakayeliondoa, huyo ndiye nitakayemfuata."

Na wote watatu walimtaka.

Siwatu ndiye aliyeanza. Alivuta zile kili mbili akaziweka pamoja, kisha akaenda mgombani akakata kipande cha jani. Akalitoboa matundu mawili kwa sindano ya mikeka, akayapanua kwa kidole. Akalilaza jani juu ya kili, tundu moja juu ya nyekundu ya Kidawa, la pili juu ya nyekundu ya Saumu, na cheupe na cheusi vyote vikafichika chini.

"Haya, njoo hapa wewe mwenye macho. Ipi ya pilipili na ipi ya damu?"

Kidawa akainama. Akatazama tundu la kulia, akatazama la kushoto. Zilikuwa nyekundu mbili kama mapacha.

"Umezisogeza," akasema.

"Nimezisogeza wapi, na wewe umenisimamia kichwani?"

Siwatu akaliondoa jani. Papo hapo ya Saumu ikawaka, ya Kidawa ikafubaa. Akalirudisha, zikawa sawa. Akaliondoa tena. Kidawa alijua sasa kwamba ni rangi moja, lakini macho yake hayakutaka kujua, yaliendelea kumwonyesha mbili.

Hapa nanyi mjue. Macho yetu hayahukumu, yanapeleka habari tu. Anayehukumu ni ubongo, huku ndani ya kichwa, na ubongo una mazoea yake: hautazami kitu peke yake, hukitazama pamoja na jirani yake. Nyekundu ikikaa na nyeusi, ubongo husema, "Loo, hii inang'aa!" Ikikaa na nyeupe husema, "Hii mbona imekoza?" Rangi haijabadilika. Jirani ndiye aliyebadilika.

"Sawa," Kidawa akasema. "Rangi ni moja." Lakini kifua hakikupoa. Akazitazama tena zile kili zilipotandazwa. "Na urefu je? Wa Saumu unakwenda mpaka kule. Wangu umeishia njiani."

"Dada Kidawa!" Saumu akasema.

"Usiniite dada. Utazame. Mama amesuka mpaka amefika getini kwa ajili yako."

Saumu hakubishana. Alichukua uzi wa kushonea, akamwomba mama anyooshe mikono yote miwili, akafunga fundo huku na fundo huku. Hiyo ikawa pima moja. Akaanza na ukili wa Kidawa, amepiga magoti vumbini.

"Moja. Mbili. Tatu."

Kidawa akamfuata nyuma kama mtu anayefukuza kuku. "Vuta uzi huo, umelegea. Sita? Sita ulishaisema! Hebu nambie, Saumu, gauni lile la Idi lilikuwa na vifungo vingapi? Na la kwangu vingapi?"

"Langu saba," Saumu akasema. "Lako vinane. Saba. Nane. Tisa."

Siwatu akacheka mpaka akashika ukuta.

Ukili wa Kidawa ulitoka pima kumi na mbili na shibiri moja. Saumu akahamia kwake, akapima mbele ya macho ya dada yake, polepole, kila fundo akilibana kwa kidole gumba. Pima kumi na mbili. Na shibiri moja.

"Rudia," Kidawa akasema.

Akarudia. Akampa uzi Kidawa apime mwenyewe. Kidawa akapima. Kumi na mbili, na shibiri.

Na hili nalo lina sababu yake. Ukili wa Saumu ulikatwakatwa kwa mistari. Jicho linapopita juu yake linavuka mstari, na mwingine, na mwingine, na ubongo husema, "Nimevuka vitu vingi, bila shaka nimetembea sana." Ukili wa Kidawa ulikuwa mtupu, jicho likateleza likafika. Safari ilikuwa ileile. Mkitaka, chora nafasi mbili sawa kwenye vumbi, moja ijaze vijiti na nyingine iache tupu, kisha mwite mwenzako aseme ipi ndefu.

Kidawa akamrudishia Saumu uzi. Akauokota ukili wake akaanza kuukunja, na kwa vile alikuwa na hasira aliukunja ovyo, ukawa furushi pana kama ungo wa kupepetea. Saumu akaukunja wa kwake taratibu, akaukaza kila mzunguko, ukawa mdogo na mgumu kama chungu cha kupikia mchuzi.

"Nipe nikuwekee ndani," Kidawa akasema, akaupokea wa Saumu kwa mkono wa kulia. Wa kwake ulikuwa mkono wa kushoto.

Akasimama. Akabadilisha mikono. Akabadilisha tena.

"Wa Saumu ni mzito," akasema.

Mara hii hakupiga kelele, na ndiyo maana wote walishtuka. Siwatu akaacha kucheka. Mikono ya Kidawa haikuwahi kukosea.

"Mna kitu humu ndani," Kidawa akasema. "Mama amekunjia kitu. Vile vikuku vyake vya fedha viko wapi? Mwezi mzima sijaviona."

"Vikuku nimempa mke wa kaka yako alipojifungua," Bi Mize akasema. "Mwanangu, sijaweka kitu." Akamtazama binti yake muda mrefu. "Lakini mikono yako naijua. Labda nilichanganya majani mabichi, labda nilisuka nene bila kujua. Mimi nimezeeka. Kama mikono yako inasema nimekupunja, basi nimekupunja. Nitakuja kukaa kwako, nikuondolee kinyongo. Tusali kwanza adhuhuri, kisha tuondoke."

Wakaingia ndani, Bi Mize na Siwatu na Saumu. Kidawa hakusali siku hiyo kwa udhuru wake wa kike. Akabaki uani na mafurushi mawili, na kile alichokitaka tangu utoto kilikuwa kimeshamwangukia mkononi.

Angekaa tu. Hakuna aliyekuwa akimtaka aseme neno lingine.

Lakini mtu mwenye kipaji hawezi kukiacha kipaji chake kikimwasha. Alitaka kujua ni mzito kiasi gani. Robo kilo? Nusu? Akaingia jikoni, akatoa mzega, ule mti wa kubebea madumu mawili begani. Katikati yake palikuwa pameliwa na mabega ya miaka mingi, pamekuwa na kishimo. Akafunga kamba kwenye kishimo, akauning'iniza mzega kwenye boriti ya jikoni. Mtupu, ulitulia sawasawa. Akafunga furushi la Saumu ncha hii, na la kwake ncha ile. Akaachia.

Mzega ukayumba, ukayumba, ukatulia. Haukuinama kokote.

Kidawa akazibadilisha ncha. Ukatulia tena.

Akazifungua, akazipima mikononi. Wa Saumu mzito! Kabisa! Akakaa chini, akalikunjua lile furushi lake pana, akalikunja upya, akikaza kila mzunguko, mpaka likawa dogo na gumu kama la Saumu. Akanyanyua yote mawili.

Sawa. Uzito mmoja.

Akalilegeza tena likawa pana. Jepesi. Akalikaza. Sawa. Alifanya hivyo mara tatu, akiitazama mikono yake mwenyewe kama anayetazama mikono ya mtu mwingine.

Nanyi jaribuni. Tafuteni kopo kubwa na kopo dogo, muyatie mchanga mpaka mizani iseme ni sawa. Nyanyua. Dogo litaonekana zito. Ni kwamba ubongo hautulii usubiri. Mkono haujagusa, ubongo umeshaona na umeshatabiri: hiki kikubwa, kitakuwa kizito, hiki kidogo, kitakuwa chepesi. Kidogo kikija na uzito ambao haukutarajiwa, unasema, "Ala! Kizito sana hiki." Nyama ya karamu Kidawa aliipima mafungu ya ukubwa mmoja, ndiyo maana hakukosea kamwe. Kipimo cha namna hii hakikuwahi kumjia.

Ndani aliwasikia wanatoa salamu za mwisho za sala. Mzega ulikuwa bado unaning'inia. Kuufungua ilikuwa kazi ya kuvuta kamba moja, na mama angekuwa wake.

Kidawa akaishika ile kamba. Akaiachia.

"Mama," akaita, na sauti ikamtoka kama ya mtoto wa miaka tisa. "Njooni mtazame. Mikono yangu imenidanganya."

Wakaja. Akawaonyesha mzega. Akalilegeza tena furushi lake, akawaonyesha furushi pana na furushi dogo, akampa mama anyanyue, akampa Siwatu, akampa Saumu, na kila mmoja akasema wa Saumu mzito, yakafungwa mzegani, na kila mmoja akautazama mzega ukisema hapana. Kisha Kidawa akasema, "Hukunipunja, mama. Hukunipunja rangi wala urefu wala uzito."

Bi Mize akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Basi neno limeondoka," akasema. "Na mimi nilisema nitamfuata aliyeliondoa."

Hapo ndipo wakatazamana.

"Mimi ndiye niliyeanza kuliondoa," Siwatu akasema. "Bila jani langu tungekuwa bado tunagombania rangi. Mimi ndiye niliyefundisha kwamba jicho linaweza kudanganya. Nisingeanza, nani angefuata?"

"Dada, wewe ulikuwa unatetea sufuria yako," Saumu akasema, kwa upole, lakini alisema. "Mimi nilipiga magoti kwenye vumbi huku natukanwa, nikapima na kurudia, sikujibu hata tusi moja. Ningejibu, leo tusingekuwa tunazungumza."

"Ulikuwa unatetea ukili wako!" Siwatu akasema.

"Na Kidawa je?" Saumu akauliza. "Neno lenyewe alilileta yeye. Mtu awashe moto, auzime, kisha apewe zawadi?"

Kidawa akawageukia. "Ni kweli nililileta mimi," akasema. "Lakini ninyi mlisema ukweli uliowafaa. Mimi mama nilikuwa nimeshampata. Nimesema ukweli ulioninyang'anya."

Na kila mmoja alikuwa amesema kweli. Jani bila uzi lisingetosha, wala uzi bila mzega. Ingebaki lawama moja, na neno lingebaki nayo.

Bi Mize akainuka. Alipoinuka alishika bega lililokuwa karibu, na lilikuwa bega la Saumu. Kidawa akauona ule mkono wa mama begani kwa mdogo wake, na akauona umekaa pale muda mrefu sana. Moyo ukamchoma palepale pa zamani. Kisha akajiuliza, kwa mara ya kwanza maishani mwake: umekaa sana kweli, au ni mimi ninayeupima kwa kutazama bega langu?

Hakuwa na jani la kulitobolea jambo hilo, wala uzi, wala mzega.

Bi Mize akafunga mlango wake, akatia ufunguo kwenye pindo la kanga. Mzigo wa nguo ulikuwa kichwani kwa Siwatu, kibao cha mbuzi kwapani kwa Saumu, na Kidawa amebeba kili zote tatu. Wakatoka getini, wakaenda mpaka pale njia inapogawanyika mara tatu, moja kwa Siwatu, moja kwa Kidawa, moja kwa Saumu. Bi Mize akasimama.

Bado amesimama. Jua linampiga, na mabinti watatu wanamtazama mguu, utainuka kuelekea wapi.

Haya, ninyi mliosikiliza. Yupi aliyeliondoa lile neno? Usinijibu haraka kwa kuwa mmoja umempenda, maana umeshaona jinsi kichwa kinavyopenda kutangulia. Je, wewe ungekuwa Bi Mize, ungeishika njia ya nani?